Kabla Hujakisoma Kitabu Kipya

Shoga, uko wapi? Cha kwanza kuona kilikuwa ndala. Kwenye jalada la kitabu kuna wasichana wawili, kila mmoja kavaa moja nyekundu na moja ya bluu. Kama sisi tulivyokuwa tukibadilishana!

Ni kitabu kipya cha yule mwandishi unayempenda, wa hadithi za wasichana na mapenzi yao. Yule ninayemsuka hapa saluni.

Leo kaja nacho. Akaniambia, "Mdogo wangu, humu umo." Nikaacha kusuka, nikakichukua.

Unanijua, mbele ya watu mimi bubu. Lakini nikisimama nyuma ya kichwa cha mtu kutwa nzima, uso wake siuoni, mdomo unafunguka wenyewe. Nilimwambia yetu yote. YOTE. Nilidhani anasinzia!

"Dada, ile ilikuwa siri."

Akacheka. "Siri gani, bibi wee? Majina si nimebadilisha?"

Majina! Mimi niliishia darasa la tano, nasoma kwa kufuata kidole, lakini ule ukurasa wa barua nimeusoma mpaka mwisho. Wewe ukiufikia tu, utajua.

Kwa hiyo usikinunue kwanza. Nisikilize mimi.

Yule fundi cherehani uliyemlilia mwaka mzima hakukukimbia. Aliandika barua ya mwisho, akanipa nikuletee kama zile nyingine. Alikuwa anaomba kuja kwenu kujitambulisha.

Niliichana. Niliogopa utaolewa, nibaki sina mtu.