Mashine Iliyonikana Uso

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na goti nalo halijambo? Mdogo wangu ameniambia umeanza tena kupanda ngazi bila fimbo, na ukikatazwa unajifanya husikii. Nimefurahi, ingawa fimbo ile niliinunua mimi na ningependa itumike. Mimi huku ni mzima kabisa. Nacheka peke yangu njiani mpaka watu wananipisha, na sababu ndiyo hii ninayokuandikia. Kaa vizuri, maana Chiriku wako ana mengi.

Unajua miaka yote hii nimekuwa nikikodi kiti katika saluni ya watu. Majuzi nikasikia kwamba kile chumba kando ya duka la dawa, chenye dirisha kubwa na bomba la maji ndani, kinaachwa wazi. Mama, nilikitamani mpaka nikakiota. Mwenye nyumba, mama mmoja asiye na mzaha hata kidogo, akaniambia atanisubiri hadi Ijumaa tu, kwani muuza simu naye anakitaka na ana fedha mkononi. Nikamjibu kwa madaha kwamba kwangu fedha si tatizo.

Na kweli hazikuwa tatizo, ila zilikuwa mtandaoni. Yule mteja wangu wa ng'ambo anayeuza mawigi ninayoyashona hunilipa kwa sarafu za kidijitali, zile ulizoziita pesa za mashetani kwa sababu hazishikiki. Zinakaa kwenye akaunti yangu katika soko la sarafu hizo, nami nikizihitaji nazibadilisha. Safari hii nilipotaka kuzitoa zote kwa mpigo, soko likashtuka. Likafunga akaunti, likaniandikia kwamba nithibitishe kuwa mimi ndiye mimi: nipige picha kitambulisho, kisha niitazame kamera, nigeuke kushoto, nigeuke kulia, nipepese macho.

Nikaona ni jambo la dakika moja. Unanijua mimi na picha. Nikavaa wigi langu la mawimbi, lile linaloangukia jicho moja, nikajipodoa nikapendeza. Jibu likaja kwamba uso haufanani na wa kitambulisho. Nikasema labda sikupendeza vya kutosha. Nikavaa lile fupi linaloshuka mpaka kwenye nyusi. Mashine ikanikana tena. Nikavaa la misokoto mirefu. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana ujumbe uliofuata ulisema wanawake watatu tofauti wanashukiwa kutumia kitambulisho cha mtu mmoja. Mwenye saluni alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Wakanipangia mahojiano ya video na afisa wao, kesho yake asubuhi. Nikajifungia stoo kati ya madumu ya shampuu ili tuongee kwa faragha. Afisa, kijana mwenye sauti ya upole, akasema hanioni kwa giza, nihamie penye mwanga. Sasa saluni yetu ina mwanga mahali pamoja tu, pale dirishani ambapo wateja wanasubiri zamu, na siku hiyo walikuwa wamejaa tele. Nikaenda nikaketi katikati yao, meno yote nje. Ndipo aliponiambia, kwa heshima zote, kwamba paji la uso na masikio lazima vionekane, kwa hiyo nivue chochote nilichovaa kichwani, hata nywele za bandia.

Nikamwomba nizisukume nyuma tu. Akakataa. Nikamwuliza kama tunaweza kuahirisha. Akasema nafasi nyingine ni wiki ijayo, na wiki ijayo chumba changu kingekuwa kimejaa simu.

Mama, hapa kalamu inakuwa nzito. Chini ya wigi lile hamna nywele. Hamna hata moja. Zilianza kutoka kwa mabaka nyuma ya sikio, kipindi kile nilipokuja nyumbani ukataka kunisuka, nikasema nimechoka. Nilipokuja tena nikasema kichwa kinauma. Baada ya hapo hukuniomba, ila nilikusikia jikoni ukimwambia mdogo wangu kwamba mjini nimejifunza kuringa, mkono wako haunitoshi tena. Niliumia sana, na bado nikanyamaza. Daktari alisema si ugonjwa wa kuambukiza wala wa kuua, ni mwili tu umeamua kugombana na nywele zake wenyewe. Lakini msusi asiye na nywele, nani angempa kichwa chake? Na wewe uliyekuwa ukiwaringishia majirani nywele za binti yako, ningekuambia kwa mdomo gani?

Basi nikapiga moyo konde, nikalivua. Saluni nzima ikageuka kunitazama. Afisa hakushtuka hata kidogo. Alinitazama, akakitazama kitambulisho, akasema, "Sasa nimekuona, dada. Ni wewe kabisa."

Nililia palepale mbele ya kamera, mama, sikuona hata haya. Kabla sijajifuta machozi, mwalimu mmoja, mteja mgumu ambaye hajawahi kunisifu tangu tujuane, akanikagua kichwa kizima polepole kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana mawigi yanakukaa vizuri kuliko sisi." Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda. Halafu akainuka, akaenda kukaa kwenye kiti changu, akainamisha kichwa nimsuke. Na foleni haikupungua hata mtu mmoja.

Akaunti ilifunguliwa kabla ya saa sita. Nikabadilisha sarafu, nikakimbia kwa mwenye nyumba kichwa wazi, upepo unanipuliza mpaka utosini, raha ajabu. Naye akaniuliza mimi ni nani. Ikabidi nitoe kitambulisho kwa mara nyingine siku hiyohiyo. Alikisoma mbele na nyuma, akanitazama, akaguna, akanipa ufunguo. Muuza simu alikuta chumba kina mwenyewe. Leo nakuandikia nikiwa ndani yake, nimekaa juu ya ndoo ya rangi, ukuta mmoja tayari na tatu bado.

Wasalimie wote hapo nyumbani na majirani pia, uwaambie binti yako sasa ana saluni yake. Jumapili nitakuja, na sitavaa kitu kichwani. Safari hii sitasema nimechoka. Nitakaa chini, katikati ya magoti yako. Cha kusuka hakuna, mama, ila nipake mafuta tu, taratibu. Nimeukosa mno mkono wako.

Mwanao akupendaye,
Chiriku