Wasikilizaji Waliosamehe kwa Niaba Yangu

Mamba, 12 Juni 2023

Mwanangu Agape,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mume wako na wajukuu zangu. Huku tuko salama, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, inaingia hadi chini ya blanketi. Tangawizi tumeanza kuchimba. Mgongo unauma kama kawaida yake, kwa hiyo usiulize.

Naandika kwa sababu ya redio. Simu siwezi kupiga. Unajua mtandao unashika pale mbele ya kanisa tu, na ukisema jambo pale umeshalitangazia kijiji kizima.

Jumapili tukitoka ibadani tunakaa uani kwa Mama Nasrin kukusikiliza unavyosoma ile riwaya. Mwanzoni nilijivuna, sikatai. Watu wakisema "mwanao ana sauti", najifanya sijasikia ili warudie. Lakini sasa nimeanza kuielewa hiyo hadithi. Mzee Yoeli kamwacha mke na watoto, kaenda kula maisha miaka na miaka, sasa miguu imevimba ndiyo anakumbuka njia ya nyumbani. Juzi uliposoma anavyokaa stendi akitazama mabasi ya kwao yanajaa na kuondoka, na yeye anaogopa kupanda, wanawake wote walilia. Mama Nasrin alilia hadi chai ikaungulia jikoni. Walipomaliza kulia, wote wakanigeukia mimi.

Nijibu swali moja bila kuzunguka. Nani alichagua kitabu hicho?

Ni mimi mama yako.


Same, 19 Juni 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Pole na mgongo, ingawa umenikataza kuuliza. Sisi hatujambo. Watoto wanakusalimu, mdogo ameanza kung'oka meno na anataka kukuonyesha pengo.

Kitabu alichagua mkuu wa vipindi. Nakuapia, mama. Nilipewa tu nisome, kila Jumapili sura moja, halafu nisome meseji za wasikilizaji. Hatukutegemea. Zinatoka Hedaru, zinatoka Mwanga, kuna mmama wa Ugweno amesema ameacha kugombana na kaka yake kwa ajili ya Yoeli. Wafugaji wa huko nyikani wanapiga simu wakiwa machungani na mbuzi wanasikika. Wote wanauliza kitu kimoja: je, mkewe atampokea?

Sasa, mama, kaa chini kwanza.

Mwezi wa tano ilikuja meseji kutoka kijiji cha Kisiwani, kwa mwenye duka mmoja anaitwa Swalehe. Aliandika hivi: "Dada Agape, hapa kwangu kuna mzee mgonjwa, nimempa chumba cha nyuma. Kila ukisoma anasikiliza, ikikaribia mwisho ananiomba nizime. Nikamuuliza kwa nini, akasema msomaji ni binti yake."

Nilienda. Ni baba. Nilimjua kwa picha ile moja. Moyo wake umechoka, miguu imevimba, akitembea kidogo anahema. Daktari hataki kusema muda. Anasema habari za kifo cha kaka Anderson zilimfikia msiba umeshapita, na aibu ikamzuia kurudi. Anaomba jambo moja tu, aje afie nyumbani. Anasema alale hata kwenye ile nyumba yake ya mbele iliyochakaa.

Mama, mimi sikumpata baba kabisa. Nakuomba.

Wako mwanao,
Agape


Mamba, 24 Juni 2023

Agape,

Natumaini hamjambo. Sisi tuko salama.

Kumbe tangu mwezi wa tano. Umekaa naye, umemsikiliza, umepanga maneno yako vizuri, na kila Jumapili unaingia redioni kunilainisha mbele za watu. Kitabu hukuchagua, sawa. Sauti ile ya kilio unayoitoa Yoeli akizungumza, hiyo nayo alichagua mkuu wa vipindi?

Jibu ni hapana. Mwache dukani huko huko. Na usinieleze tena kuhusu miguu yake.

Mama yako.


Same, 3 Julai 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma hii au utawashia moto. Natumaini u mzima.

Najua jana mlikuwa wote mnasikiliza, kwa hiyo najua ulisikia. Simu ziliingia laivu. Nilipopokea ile ya kutoka Mamba nilidhani ni mtu wa kusalimia tu. Sikuitambua sauti ya mwinjilisti Melkizedeki mpaka aliposema, "Hata hapa kwetu yupo mama ambaye Yoeli wake yuko Kisiwani, na tunaomba wasikilizaji wote mumwombee alainike." Nilikata simu. Fundi mitambo akaweka muziki. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mama, sikumwambia mimi. Swalehe ana shemeji yake huko Mamba, habari imepanda na basi. Tangu jana meseji hazikomi, na sasa hazimhusu Yoeli, zinakuhusu wewe. "Mwambieni huyo mama asamehe." "Dunia tunapita." Kuna aliyekuita jiwe. Sikuzisoma hewani hata moja, nimezifuta nikilia.

Nisamehe, mama. Usininyime majibu.

Agape wako


Mamba, 11 Julai 2023

Mwanangu Agape,

Salamu. Nipo hai, ingawa Jumamosi nilikaribia kufa kwa hasira. Kaa chini wewe sasa.

Asubuhi ile pembe ililia. Nikajua ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ya mfereji, maana kule juu umebomoka. Nikachukua jembe langu nikapanda peke yangu na ukungu ule, nafika, hakuna mtu. Nimekaa juu ya jiwe nikiwasema wenzangu kwa uvivu. Nikachoka kusubiri, nikashuka. Nafika kwangu naona watu juu ya paa!

Kijiji kizima, Agape. Wanaume wanagongomea bati kwenye nyumba ya baba yako. Wanawake wanakanda udongo wa kuziba kuta. Magunia yangu ya tangawizi wameyatoa nje, wameyapanga kwenye majani yenye umande. Mwinjilisti ameshika msumeno. Nikauliza mnafanya nini. Mama Nasrin akaja kunikumbatia, ana machozi, anasema, "Tumeona wewe huna nguvu ya kuanza, tukaanza sisi." Kwa sababu ya kitabu! Mtu wa kwenye kitabu kawaliza, wakaona wanimalizie na mimi.

Nilitaka kuwafukuza. Lakini unajua mila yetu, watu wakikutolea jasho uani kwako hawaondoki na njaa. Ningewafukuza ningekuwa nimejitenga na msaragambo mpaka kufa, na hata jeneza langu lingekosa wa kulibeba. Nikateka maji, nikabandika makande. Wamekula, wamesifu, wameomba, wameenda. Sasa nyumba iko pale inang'aa, na kila anayepita ananiuliza anakuja lini.

Basi nitakuambia nisichowahi kukuambia, kwa sababu nilitaka ukue bila chuki.

Baba yako alipotuhama alikuwa Hedaru na yule mwanamke wake. Mimi sikumfuata. Nilimfuata mara moja tu. Anderson alikuwa amelazwa, anahitaji damu, yangu haikulingana naye. Nilikubeba wewe mgongoni, nikashuka hadi barabara kuu, nikamkuta anakula kwenye mgahawa wa madereva. Nikapiga magoti mbele za watu. Nikamwambia mwanao anakufa, twende. Alinawa mikono. Akasema tangulia, kesho nakuja na gari. Nilimwamini, nikatangulia. Kesho yake hakuja. Niliyemtuma kumfuata akaambiwa amehamia Tanga.

Kwa hiyo asikudanganye kwamba habari zilichelewa. Habari nilimpelekea mimi kwa miguu yangu, na wewe ulikuwepo.

Huyo Yoeli wenu aliacha mke. Mke anaachwa, anapona, mimi nilipona zamani. Waambie hao wasikilizaji wako wanitafutie kitabu cha mtoto.

Mama yako.


Same, 2 Agosti 2023

Mama,

Shikamoo mama yangu. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Watoto wazima, mimi siko sawa.

Barua yako niliisoma studio, nikashindwa kuingia hewani siku hiyo, mwenzangu akasoma sura badala yangu. Nimekaa na hasira wiki mbili bila kwenda Kisiwani. Jumamosi nikaenda. Nilimkuta nje ya duka, ameegemezwa mto. Sikumsalimia. Nilimsomea barua yako, ile sehemu ya Hedaru, yote. Swalehe alitaka kunizuia, nikamwambia aende akauze.

Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea atakana, nilikuwa nimejiandaa kumpigia kelele. Akasema, "Mama yako hajaongeza neno." Nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema alikuwa ameurudia uongo ule kwa kila mtu kwa miaka mingi, mwishowe akawa anauamini mchana, usiku haukubali. Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali. Mama, nilitaka awe na sababu, hata mbovu. Akasema aliogopa. Aliogopa kumwona mtoto akifa, basi. Hakusema kingine.

Halafu akaniomba nisikusumbue tena. Amemwambia Swalehe amtafutie pa kuzikwa palepale Kisiwani, na rafiki yake Loserian, mfugaji wa huko, ameahidi vijana wa kuchimba. Amesema nimwombe mwinjilisti aache kukuombea hadharani. Alipomaliza akageukia ukutani.

Mimi nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na bado nilimfunika shuka. Sijui unalielewaje hilo, mimi silielewi.

Sikuombi kitu tena, mama. Nilikukosea kukuomba bila kujua ninachoomba. Jumapili ya tarehe kumi na tatu nasoma sura ya mwisho. Yoeli anabisha hodi, mkewe anafungua, wanakumbatiana. Wasikilizaji wanaisubiri kama Krismasi. Mimi natamani kuichana.

Mwanao,
Agape


Mamba, 9 Agosti 2023

Mwanangu Agape,

Nakusalimu sana, na mume wako, na wajukuu zangu, na huyo mwenye pengo mwambie jino jipya likitoka alilete nilione. Mimi ni mzima. Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kushika kalamu, ndiyo maana nampa kondakta hii leo na kumsihi ikufikie kabla ya Jumapili.

Usikichane kitabu cha watu. Kisome, na ukisome vizuri, mke wa Yoeli hana kosa na wasikilizaji wamevumilia. Na ulipomfunika shuka hukunikosea.

Ila ukishamaliza, wakati wa meseji, nataka na mimi usome ya kwangu. Mimi ni msikilizaji kama wengine. Isome kama ilivyo, usipunguze, na usitoe ile sauti ya kilio. Nimeiandika hivi:

"Wasikilizaji, hamjambo. Mimi ndiye yule mama wa Mamba mliyekuwa mnamwombea alainike. Nawashukuru kwa machozi yenu. Yoeli mmemsamehe upesi kwa sababu hajawakosea ninyi. Mimi wa kwangu alinikosea mimi, kwa hiyo naomba mniachie kazi yangu niifanye kwa mwendo wangu. Walioezeka nyumba yangu nawapenda, lakini siku nyingine mbishe hodi.

"Frederick, najua uko hapo dukani kwa Swalehe. Usimwambie azime. Nimesikia kwamba umeulizwa na mwanao na hukujitetea. Miaka yote hii nilikuwa nasubiri mtu aseme kwamba sikuongeza neno. Umesema wewe, basi nazungumza na wewe.

"Mwanao alizikwa bila udongo wa baba yake. Kaka yangu alishika beleshi mahali pako, na mimi niliona wivu kwa niaba ya mtoto. Kaburi liko nyuma ya nyumba, njia ni fupi, utafika hata ukipumzika. Njoo uweke udongo wako kwa mkono wako. Usimtume mwinjilisti, usimtume binti. Ukishaweka, utalala kwenye nyumba ile na nitakupikia, na siku yako ikifika hutazikwa kwa watu.

"Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Kama unaweza kuja hivyohivyo, kabla sijakusamehe, njoo."

Basi, mwanangu, ni hayo. Nikisikia umesoma nitatoka uani kwa Mama Nasrin niende zangu nyumbani, sitaki wanitazame.

Jambo moja. Mwisho wa meseji huwa unataja aliyetuma. Usiseme Mama Agape. Nakupenda, na jina hilo nimelivaa vizuri. Lakini tulipomzika kaka yako, kijiji kiliacha kuniita jina lake siku ileile, walidhani wananipunguzia uchungu, na mimi sikuwa na nguvu ya kuwakataza. Tangu hapo hakuna aliyeniita. Nataka nilisikie kwenye redio, na yeye alisikie, na Mamba yote isikie.

Sema imetoka kwa Mama Anderson.