Asali ya Mke wa Mwanangu

Kanuni ya nyuki unaijua, maana tulifundishwa pamoja: maua yakiisha, masega yaliyobaki ni chakula chao, hayaguswi.

Ndugu yangu, nimeyagusa. Yote!

Mke wa mwanangu ndiye mwenye mzinga, na hao ndio nyuki wake wa kwanza. Alisafiri, akaniomba niuangalie tu. Niuangalie tu!

Leo asubuhi niliwaona nyuki wakiwaburura madume nje. Nilijua fika kwamba hiyo ni dalili ya njaa kukaribia. Hata hivyo niliinua kifuniko, nikaiona asali imefunikwa kwa nta, na tamaa ikanishika mkono. Mimi, niliyewachapa wanangu kwa kudokoa sukari!

Adhuhuri amerudi, akaikuta ndoo ya asali jikoni. Hakupaza sauti.

"Baba, umewaachia nini?"

Nikajikakamua: "Mungu atawapa."

"Mungu aliwapa, baba. Wewe ukawanyang'anya."

Bado aliniita baba. Afadhali angenitukana.

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Nyuki hawali radhi, baba."

Basi nimeirudisha asali mzingani kwa mikono yangu, sahani baada ya sahani, nikitandaza vijiti juu yake ili wasizame. Hata ile chupa niliyokutengea imekwenda humo. Wamenidunga mdomo mpaka umevimba kama andazi, wala sikuthubutu kulalamika, na ndiyo maana ninakuandikia badala ya kukupigia simu.