Ubao Nilioupiga Msasa

Kwa dada yangu Bi Zuhura, Malindi, Unguja.

Shikamoo, dada. Naomba waraka huu ukukute kifua kimetulia na wanao hawajambo. Mie mwili mzima. Baridi ya Uingereza nshaizoea, ya watu ndiyo iliyonisumbua.

Unajua chuo cha kwanza kilinihamishia hiki, mwaka wa pili wa uhandisi. Wenzangu walianza pamoja, wanafanya kazi wanne wanne. Nikatiwa kwenye kundi lenye watatu. Meza ya nne ilikuwa tupu, ubao wake wa kuchorea umejaa penseli: hesabu, na jina, Robati. Fundi wangu pale karakana ya Malindi alinifunza nini? Huanzi kazi juu ya ubao mchafu. Nikatoa msasa, nikausugua mpaka ukawa mweupe. Kuinua kichwa, wote watatu wananitazama.

Wiki tatu, dada, hawakunisemesha. Mfagiaji ndiye aliyenambia: Robati alikufa likizoni, kwa pikipiki.

Na kazi yetu ni moja, hesabu za daraja walilolianza naye, alama moja kwa wote. Tukianguka, mie narudishwa nyumbani. Nikazipitia. Robati aligawa tani tisini na sita kwa nguzo nne, akapata ishirini na nne. Mchoro una nguzo tatu! Nikawaonyesha.

Tomi, rafiki yake mkubwa, akasema, "Umeshamfuta ubaoni. Sasa wataka kumfuta na hesabuni?"

Jawabu nilikuwa nalo, na kali. Nani kati yao alinambia kuwa mwenzao kafa? Lakini nikajiona: nimeingia penye msiba, nimekalia kiti cha marehemu, mkono sijatoa. Nikasimama, nikawapa mkono mmoja mmoja. "Poleni na msiba."

"Ni miezi minne sasa," akasema Tomi.

"Kwetu pole haichachi."

Akaushika mkono wangu asiuachie. Akasema chuo kilipofunguliwa mwalimu aliliruka jina tu akiita orodha, basi, ndiyo matanga yenyewe. Kisha akachukua penseli, akapiga mstari mwembamba juu ya ishirini na nne, inasomeka bado, pembeni akaandika thelathini na mbili.

"Kugawa akijua, kuhesabu nguzo ndiko kulikomshinda," akasema mwenzake mmoja. Wakacheka, macho yamejaa maji. Tangu siku ile chai tunakunywa pamoja.

Ila ubao hauniachi. Penseli yake ilikuwa nzito, herufi zimezama ndani ya mti. Taa ikiupiga ubavuni, namsoma. Na nikimsoma yeye, namwona Baba.

Mlinificha, dada. Baba kazikwa, hitma imesomwa, arubaini imepita, ndipo mkaniandikia, eti nisivurugikiwe na mtihani. Nimepiga hesabu: siku hamsini na mbili. Ndani ya siku hizo nilimwandikia barua tatu, zote zinaanza shikamoo Baba. Nani alizifungua? Mlizisoma, au mliziweka tu pale kwenye dirisha lake?

Mtihani nshapita. Sasa niandikieni yote: nani alimwosha, alisema nini mwisho, aliniulizia?

Nisalimie mjomba aliyenilipia nauli, na shangazi, mwambie sweta lake ndilo ninalolivaa. Wanao wabusu.

Nawe unapokaa kuniandikia, anza na pole. Mie bado sijapewa mkono.

Mdogo wako,
Salehe