Nyambura, Toa Kitambaa

Mjukuu na wajina wangu Nyambura,

Umenyamaza huko Kigali kama mtu aliyemeza sindano, na mimi si mtu wa kungoja kusalimiwa. Sisi huku Kuresoi tuko wazima. Viazi vimetoka vizuri, na Kimani, baba yako mdogo, bado anakoroma kanisani. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, na anayetaka kuisoma aisome. Waliotucheka walikuwa wengi, sasa wote wasikie vile mambo yaliisha.

Unakumbuka ulivyouza ile ndama yangu? Sawa, ilikuwa yako, nilikupa ulipomaliza shule. Lakini nani aliilea? Tukaenda Nakuru, kwa duka la kompyuta, na yule kijana wa kuuza akakuruka wewe akaniangalia mimi.

"Mathe, huyu msichana anajua kitu anataka?"

"Mimi ndiyo sijui," nikamwambia. "Ongea na yeye. Mimi nimekuja kubeba."

Na nikabeba. Masanduku mawili ya chuma ndani ya gunia la viazi, yamefungwa na blanketi langu, na kila aliyeniuliza nikamwambia ni mbegu. Sikudanganya mtu.

Ukaniomba stoo, kwa sababu ina baridi na mashine zinapenda baridi. Nikakupa. Ukapanga masanduku yako juu ya zile rafu za mbegu, nyaya kila mahali kama matumbo ya mbuzi. Nikakuuliza mbona mawili.

"Moja ni ya kucheza gemu, Shosho. Ya pili ni ya kurekodi."

"Kwani moja haiwezi?"

"Inaweza, lakini mchezo peke yake unaichosha. Ikirekodi tena, picha zinaanza kuruka."

Nikaelewa hapo hapo. Ng'ombe hakamuliwi huku ameshika ndoo mwenyewe. Wewe ulicheka mpaka ukaangusha bisibisi, lakini nilikuwa nimesema ukweli: sanduku moja ng'ombe, lingine ndoo, na katikati waya wa kupitisha maziwa. Na ndoo ilitaka kuwa kubwa, kwa sababu picha safi inakula nafasi kama nguruwe.

Wale watu wa Kigali walikuwa wametengeneza mchezo wa magari ya kushindana kwenye matope, na walitaka mtu wa kuwarekodia. Masharti yao yalikuwa magumu. Umalize mbio nzima, picha iwe ile safi mnaita fo-kei, na isiruke hata mara moja. Ukiweza, kazi ni yako. Na hapa nyumbani kulikuwa na Kimani.

"Mama, mimi nangoja mpaka tupande," akasema. "Kama hayo masanduku hayajaleta kitu, stoo inarudi kuwa ya mbegu."

Nikamwambia stoo ilijengwa na baba yake, na mwenye ufunguo ni mimi. Lakini moyoni nilijua ana haki. Mbegu hailali nje.

Basi nikafanya kile mwanamke wa heshima hufanya kitu cha maana kikiingia nyumbani. Nilikifumia kitambaa. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata picha ya babu yako ina chake. Mashine za mjukuu wangu zitakaa uchi kwa nini? Nikafuma viwili kwa krosheti, vyeupe, pembeni nikazungusha njano. Nikavitia wanga, nikavipiga pasi, nikavitandaza vizuri mpaka vikafunika masanduku pande zote.

Kuanzia hapo shida ikaingia. Unacheza kidogo, picha inaruka. Unacheza tena, sanduku linazima lenyewe. Ukafungua kila skrubu, ukapuliza vumbi, ukabadilisha nyaya. Kimani anapita mlangoni anasema, "Mimi sijawahi kuona kiazi kimezima." Na mimi kila asubuhi nanyoosha vitambaa vyangu, naomba Mungu.

Kumbe ulikuwa unajua! Mtoto wewe, ulikuwa unajua! Nikitoka unavitoa, mashine inafanya kazi. Nikija unavirudisha mbio, mashine inachemka. Na mimi nilikuwa nakuja kila saa na chai. Ulinyamaza wakati Kimani ameshaanza kuchagua mbegu, mpaka nilipokukuta umekalia gunia, umefunika uso.

"Ni nini? Sema!"

"Shosho, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Ni vitambaa. Mashine inapumua. Nyuma ina feni, juu ina matundu. Umeiziba pua."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Ulizifumia wewe. Ningekuambiaje?"

Nilikugombeza siku hiyo, na nakugombeza tena leo. Ile si adabu, ule ni ujinga uliovaa nguo ya adabu. Nimezaa watoto sita, nimezika mume, nimepigwa na barafu shambani mpaka viazi vyote vikaisha. Nitakufa kwa sababu ya kitambaa? Nilivivuta vyote viwili nikavitupa kwa kikapu cha mayai, nikakuambia, "Haya. Cheza."

Ukacheza. Nikasimama mlangoni na fimbo ili kuku asiingie. Mbio nzima, Nyambura! Mlima, mto, kona, gari lako jekundu likaruka lakini picha haikuruka. Feni zilivuma kama nyuki, na stima, ambayo huku huzimika kila siku, siku hiyo moja ikaona aibu kupotea.

Tulipoitazama kwenye televisheni, nilihesabu kokoto barabarani. Gari likapita kwenye dimbwi na Kimani akavuta miguu yake asichafuliwe na matope! Mwanaume mzima. Akajikohoza, akasema, "Mbegu nitaweka kwa zizi la zamani." Ukawatumia watu wa Kigali, nao wakakuita kabla hatujamaliza kupanda.

Sasa wanawake wa kanisa wanakuja hapa kutazama video zako kwa simu ya Kimani. Wakiona pale chini pameandikwa Nyambura wa Kuresoi, nawauliza, "Hilo jina ni la nani?" Wanasema ni la mjukuu wako. Nawaambia wasome tena, ni langu, nilimpa nikiwa bado nalitumia.

Stoo ni yako, ufunguo bado ninao. Na huko uliko kuna watu watakaokupenda, watakufunika na vitu vizuri vyenye wanga na pembe za njano, na utaona haya kusema umekosa pumzi. Sema. Hata kama aliyefuma ni bosi. Hata kama ni mimi.

Kula vizuri, piga simu, na usirudi ukiwa umekonda.

Ni mimi shosho yako, Nyambura wa kwanza.