Bwambale, Usije na Bomba Jipya

Mdogo wangu Bwambale, adui wa nyani,

Nimekupigia tangu asubuhi na simu yako haipatikani. Najua ukiwa huko Kasenyi ziwani mtandao unakuja na kupotea, basi nakuandikia kwenye simu, ukifika nchi kavu maneno haya yakukute. Mama Biira, jirani yangu, ameniambia unarudi wiki hii na bomba jipya, nene kuliko lile la kwanza. Alinipa habari hiyo akipiga makofi. Mimi sikupiga. Nataka unisome kabla hujapanda boda kuja huku Bwera.

Unakumbuka yale mahindi? Nyani walishuka mlimani mchana kweupe, wakakaa kwenye mistari kama wageni wa harusi, na lile dume lao likanitazama mimi na jembe langu, likaendelea kutafuna. Nilipiga kidebe mpaka kikatoboka. Ukaniambia, "Dada, hawa wamekuzoea. Kwao wewe ni redio tu." Nilicheka, ingawa roho iliniuma, maana yale mahindi ndiyo yalikuwa chakula cha wanangu.

Ndipo ukaanza ufundi wako. La kwanza la kuwarushia nyani viazi lilikuwa la upepo: vipande vya bomba la maji, gundi, koki katikati, na pampu ya baiskeli uliyoazima ukasahau kurudisha. Tulipolijaza, upepo ulikuwa ukitoroka kabla hatujamaliza kusukuma. Ukanituma nilete povu la sabuni, nikapaka kila kiungo, na penye kuvuja povu likavimba. Ukakausha, ukapaka gundi upya, ukafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Halafu koki ikawa nzito, ukiifungua polepole kiazi kinasema "puf" na kuanguka miguuni pako. Nyani mmoja alikuja akakiokota. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulinuna siku nzima, Bwambale, na hata ugali wangu uliususia.

Ukabadilisha, ukatengeneza la moto. Manukato yangu ya kupuliza, yale ya Krismasi, yote yaliishia ndani ya bomba lile, na kiwashio cha jiko la gesi ukakifunga kwa nyuma. Likakataa kuwaka. Ukazidisha manukato, likazidi kukataa. Ukagundua mwenyewe kwamba limeshiba harufu na halina hewa, na kwamba moshi wa zamani lazima utolewe kwanza, ukawa unalipepea kwa sufuria yangu kama mtu anayepepea mgonjwa. Lilipokubali, mlio wake uligonga mlima ukarudi. Kiazi hatukukiona tena. Nyani pia hatukuwaona siku nyingi. Nilikukumbatia, na wala sioni haya kusema nilikuwa na furaha.

Ila angalia yaliyofuata. Wewe unajua mapatano ya kijiji chetu tangu ile hofu ya wenye bunduki waliovuka mpaka. Mnyama akiingia shambani, piga kidebe. Mwizi akionekana, piga yowe. Kikilia kitu cha kupasuka, usiulize: acha chungu motoni, beba mtoto, teremka barabarani kuelekea kwa askari. Hata harusini hatupasui baluni. Siku ile ya kwanza ulipofyatua, watu wote wa juu mlimani waliteremka wakikimbia, mzee mmoja akiwa na kiatu kimoja, na sisi wawili tukapanda tukiwaomba msamaha nyumba kwa nyumba.

Askari nao walikuja. Yule mkubwa wao alikunyooshea kidole. "Wewe! Weka hiyo kitu chini! Iko nini?"

"Afande, ni ya nyani," ukasema, mikono juu.

"Nyani? Hebu piga, nione."

Ukapiga. Akacheka, akaomba apige yeye. Sisi tuliolelewa kwenye kambi ya waliokimbia vita tunajua askari akishacheka hatari imepita, au ndivyo nilivyodhani. Kabla ya kuondoka alikugonga begani akasema, "Iko sawa. Sasa tukisikia, tutajua ni wewe tu, hatutasumbuka kuja."

Ulifurahi sana. Mimi maneno yale sikuyasahau.

Baada ya hapo ulipiga kila siku, nyani wakiwepo wasiwepo. Watoto wakawa hawashtuki tena. Kuku wakawa hawaruki. Mtu akikaza macho, Mama Biira anamwambia, "Mutu asikimbie, iko Bwambale na nyani yake." Wageni walianza kutucheka kwa kutotikisika. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mdogo wangu, na huu mzaha tuliulea wenyewe.

Jumapili iliyopita, wewe ukiwa huko ziwani, kulisikika mlio wa kupasuka upande wa mto. Nilikuwa kanisani. Hakuna hata mmoja aliyeinuka. Nikamnong'oneza Mama Biira kwamba wewe hupo na bomba lako liko chini ya kitanda changu. Akanijibu bila kugeuka, "Basi kuna mwenye ametengeneza ingine." Baadaye tukaambiwa ni askari aliyepiga hewani kuwatisha wavusha magendo. Hakuumia mtu. Watu wakasema, unaona? Mimi sikuona hivyo. Niliona kanisa zima limekaa.

Tangu Jumapili silali vizuri. Nikiwa natwanga, nasikiliza. Nikiwa naogesha watoto, nasikiliza. Siogopi nyani tena, waache wayale mahindi. Mwaka ujao nitapanda mengine. Naogopa siku itakapolia bunduki kweli na majirani zangu wakaendelea kuchambua maharage kwa sababu wanakupenda wewe na kuamini ni wewe. Kwa hiyo nakuomba: liache hilo bomba hukohuko, litupe ziwani. Njoo mikono mitupu. Tupite tena nyumba kwa nyumba kama siku ile, uwaambie kwa mdomo wako kwamba hutapiga tena, kwamba kuanzia sasa kikilia, wakimbie. Mimi nimewaambia, wananicheka. Wewe watakusikia. Pita na kwenye kambi ya askari pia, umwambie afande.

Nilitaka kukupa salamu za watoto hapa, lakini kumelia sasa hivi. Juu, upande wa kahawa. Mara moja, na tena.

Mama Biira, anayechambua maharage hapa kwangu, ameinua kichwa, ananiita akicheka. "Masika! Ndugu yako amefika! Weka chai!"

Nimekupigia. Haipatikani.

Nimetoka mlangoni kutazama. Watu wa juu mlimani wote wanaendelea kulima. Nimemshika Mama Biira mkono nimvute, amejitoa, amesema nisimwaibishe, anakaa hapahapa kukupokea.

Kama ni wewe, Bwambale, utakuta nyumba wazi na hakuna chai. Mimi na watoto tunateremka barabarani. Nichekeni wote mpaka mchoke, sitanuna.

Dada yako,
anayeomba iwe ni wewe