Mwizi wa Stima ya Ploti

Kayole,
Julai

Kwako Munene, rafiki yangu mwenye kichwa kigumu,

Pokea salamu kutoka kwa mzee mwenzako. Natumaini mama watoto hajambo, na ng'ombe wako unaowatukana kila asubuhi hawajambo, na baridi ya Ol Kalou haijakung'oa meno yaliyobaki. Mimi nipo, ila nimechoka. Na ujue kwamba siku hizi ploti nzima inaniita Injinia wa Stima.

Haya, nimedanganya. Aliyeniita hivyo ni mmoja tu, Lorine, mpangaji jirani, na hakuwa akinisifu.

Huyu Lorine huunga video za harusi kwa kompyuta, na ndiyo kazi inayomlisha yeye na bintiye. Wajua ploti yetu ya wapangaji ina mita moja, na pesa za tokeni za stima tunachanga sote sawa. Baridi ilipoingia, tokeni zikaanza kuisha kabla hatujazizoea. Watu wakanuna. Mimi mwenyekiti wa mita, cheo nilichopewa kwa kuwa sina kazi nyingine, nikavaa miwani nikachungulia nyuma ya ile kompyuta. Nikaona pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea stima ya ukutani na kuigawia mashine. Limeandikwa wati mia sita na hamsini! Nikatangaza mkutanoni kwamba mwizi amepatikana.

Lorine alijaribu kunifundisha. Alisema namba ile ni kiasi ambacho sanduku linaweza kutoa likibanwa, siyo kile linachokula kila saa. Kwamba mwenye debe kubwa hachoti maji yasiyomhusu, hasara ni debe likivuja. Nikamwambia nimebeba madebe kabla mamake hajazaliwa. Watu wakacheka, nami nikanenepa. Tukamwamuru atafute dogo.

Akaazima kwa fundi wa Kariobangi kipimo cha kuchomeka ukutani, akapima lile kubwa: kompyuta ilikuwa ikivuta wati mia moja na arobaini tu. Akaliuza, akanunua dogo la bei ya chini. Kazi ile ile, sasa mia moja na themanini, na sanduku limechemka mpaka paka amehamia pale. Akaniita nijionee. Alieleza kwamba kubwa lilivujisha sehemu moja kwa kumi, na hili karibu theluthi, likigeuza stima kuwa joto la bure. Kisha akaniuliza, haya Injinia, tumeokoa nini? Nikamjibu kipimo chake kinadanganya kama mwenyewe.

Tokeni hazikuacha kuisha. Mkutano uliofuata watu wakaamua Lorine ahame mwisho wa mwezi. Sikumtetea, Munene. Mimi, mwenye neno kwa kila jambo! Ameshaanza kufunga vyombo, na kila harusi anayoitegemea iko mitaa hii hii. Akihama, ataanza upya kwa watu wasiomjua.

Sasa sikiliza nisichomwambia mtu. Jana nilimwomba kile kipimo, nikasema nataka kupima redio. Alinipa, akanionyesha na pa kuchomeka, na hilo ndilo lililoniuma. Nikajifungia, nikachomeka koili yangu ya kuota joto, ile inayowaka nyekundu. Niliinunua baridi ilipoanza, kwa sababu tangu mke wangu Asenath anitangulie, miguu yangu haina wa kuipasha joto. Huwa naiwasha nikilala, naizima nikiamka. Kipimo kikasoma elfu moja. Kompyuta saba za Lorine, za lile sanduku kubwa, ndugu yangu, zinawaka kando ya kitanda changu usiku kucha. Mwizi ni mwenyekiti.

Jumapili tunakutana tena. Nitasimama na koili mkononi niwaambie wote, na kama kuna wa kuhama, wanihamishe mimi. Lakini naogopa, safari hii watanicheka mimi. Watu hawa walicheka nilipomcheka Lorine.

Nisalimie mama watoto na wajukuu, hata yule aliyeniita babu wa matundu kwa ajili ya soksi zangu.

Na sasa deni ninalokudai. Wakumbuka ulivyowaita wakwe zako watoza ushuru, nikakusindikiza kuomba radhi, nikakaa kando yako kutwa nzima nikitafuna viazi vyao kimya? Nilipe. Njoo Jumapili ukae kando yangu. Usiseme kitu, maana utaharibu. Kaa tu.

Ni mimi wako aliyechoka,
Patrobas